Silabi iliyomezwa: jibu kwa muuguzi wa Tanga kuhusu manukuu

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikirekodi video fupi za kuwafundisha wazazi. Zimefika 64, ziko YouTube na huwa nazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Kila Jumapili natuma pia ujumbe wa sauti wa dakika kumi hivi. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja bubu, akanionyesha kwenye simu yake kwamba video zangu anaziangalia ila maandishi yanayopita chini hayaelewi. Maandishi hayo sikuyaweka mimi, yametengenezwa na mashine. Je, hayatoshi? Kama hayatoshi nianzie wapi, maana niko peke yangu na laptopu ya zamani? Na zile sauti za Jumapili nazifanyaje? Halafu, rangi ya njano inafaa?"*

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla sijaanza maelezo, nina ombi la leo leo. Ingia kwenye chaneli yako uondoe maandishi ya mashine kwenye video ya asali. Nimeitazama. Sekunde ya 21 unasema kwa sauti nzuri kabisa, "Usimpe mtoto asali kabla hajatimiza mwaka mmoja." Chini pameandikwa "umpe mtoto asali." Wewe unajua kuliko mimi kwa nini mtoto mchanga hapewi asali. Yule mama aliyekuja kliniki hakusikia ulichosema, alisoma tu. Video hiyo ni heri ikae bila maandishi yoyote mpaka uyarekebishe.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: hayatoshi. Ila si kwa sababu wanayoitaja watu wengi. Utasikia wakisema mashine inapatia asilimia kadhaa, kwa hiyo imebaki kidogo tu. Swali langu ni kosa limeangukia wapi. Mashine ikiandika "wapenzi watizamaji" badala ya "watazamaji" hakuna aliyeumia. Lakini Kiswahili kinakanusha kwa silabi moja ndogo iliyojificha ndani ya kitenzi, na wakati mwingine kwa pumzi tu. "Ana homa" na "hana homa" zinatofautiana kwa herufi h, ambayo wengi wetu wa pwani hata hatuitamki tukiwa na haraka. "Umpe" na "usimpe", "anatakiwa" na "hatakiwi". Feni ikivuma nyuma, au mtoto akilia kwenye benchi, silabi hiyo inamezwa na sentensi inageuka kichwa chini miguu juu. Ikishageuka bado inasomeka vizuri, ni Kiswahili sanifu, na msomaji hana namna ya kushtuka.

Mengine ya kuyawinda ni tarakimu, vipimo na saa. Saa hasa. Wewe ukisema "dawa apewe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku", mashine iliyolelewa kwa lugha nyingine inaweza kukuandikia 2:00. Mtu akiona 2:00 na saa ya simu yake inasoma hivyo hivyo, ataweka kengele ya usiku wa manane. Andika ulivyosema, "saa 2 asubuhi", na mashine isiachiwe kugusa kitu hapo.

Sisemi mashine ni adui. Huko YouTube maandishi ya kujiendesha yalianza kwa Kiingereza Novemba 2009, na aliyeyasukuma ni Ken Harrenstien, mhandisi wa Google ambaye mwenyewe ni kiziwi. Kwa Kiswahili hali imebadilika tangu Septemba 2022, OpenAI walipotoa Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, ambayo inakijua Kiswahili na unaweza kuitumia kwenye kompyuta yako bila bando. Mimi huitumia karibu kila siku, na ninachokipata huko nakiita rasimu. Kuna waliojaribu kuiacha rasimu iende hewani ikawagharimu. Februari 2015 chama cha taifa cha viziwi cha Marekani kilivishtaki vyuo vikuu vya Harvard na MIT, kwa kuwa mihadhara waliyoiweka mtandaoni ili dunia isome bure ama haikuwa na manukuu (ndiyo hayo maandishi yanayopita chini ya video), ama yalikuwapo ila hayaeleweki. Harvard walikubaliana Novemba 2019, MIT Februari 2020. Wewe hakuna atakayekushtaki. Nakutajia ujue kwamba "yapo lakini hayaeleweki" ni malalamiko yanayojulikana, na yule mama hakuwa anakusumbua.

Jambo dogo kuhusu yule mama, na nalisema bila kukukaripia. Tumia neno kiziwi. Chama chao chenyewe hapa nchini kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. "Bubu" linamfanya mtu aonekane hana lugha, na yeye lugha anayo, Lugha ya Alama ya Tanzania. Nitairudia lugha hiyo baadaye kwa sababu inabadilisha namna unavyoandika.

Sasa kazi yenyewe.

Usianze na video zote 64. Nimeona watu wakianza hivyo, wakafika ya nne wakachoka, na hiyo ya nne haikuwa hata na umuhimu. Chukua daftari uandike zile ambazo mtu akizielewa vibaya mtoto anaweza kudhurika: asali, namna ya kuchanganya ORS (maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha), dalili za hatari za kupumua, homa, vipimo vya dawa. Sitashangaa zikiwa nane au kumi. Hizo kwanza. Zinazofuata ni zile zinazotazamwa sana, na chaneli yako inakuonyesha ni zipi. Za kuwatakia watu Idi na Krismasi zinaweza kusubiri mwaka.

Kwa laptopu yako, pakua programu ya bure inayoitwa Subtitle Edit. Inatumia Windows, na ndani yake unaweza kuiita Whisper ikutolee rasimu. Mashine ya zamani itaenda polepole sana, kwa hiyo iwashe ukienda kulala. Asubuhi utakuta faili la SRT, ambalo ni maandishi matupu tu. Kila kipande kina namba, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno, halafu mstari mtupu:

7
00:00:21,400 --> 00:00:25,000
Usimpe mtoto asali
kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Tarakimu tatu baada ya mkato ni sehemu za sekunde. Ukiona faili linaloanza na neno WEBVTT, hilo ni ndugu yake anayetumika kwenye tovuti, na badala ya mkato anaweka nukta. Ukihifadhi, chagua UTF-8, ambao ni mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi. La sivyo siku utakapoandika ng'ombe au ng'amua, ile alama ya juu inaweza kugeuka vidudu visivyosomeka. Na uiangalie alama hiyo kila mara, kwa sababu mashine hupenda kuiangusha ikakuachia "ngombe".

Kisha unakaa na rasimu, masikio yakiwa na spika za masikioni, unaipitia kipande kwa kipande. Mimi video ya dakika sita ambayo imerekodiwa vizuri hunichukua kama saa moja. Iliyorekodiwa kwenye kibaraza siku ya chanjo inaweza kula asubuhi nzima. Unasikiliza unachosema, si unachojua ulitaka kusema. Hapo ndipo mwenye video huteleza: anaujua ujumbe wake kiasi kwamba jicho linaruka kosa. Ukimpata mtu wa pili, hata binti wa kidato cha tatu hapo nyumbani, mwache yeye asikilize na wewe ufuate kwa macho.

Kuhusu urefu wa vipande, utakutana na miongozo inayohesabu maneno kwa dakika, 160 hadi 180. Iache. Imetungwa kwa Kiingereza, ambako maneno ni mafupi na yametawanyika. Kwetu "hawakuturudishia" ni neno moja lenye herufi 16, na ndani yake mmekaa watu wawili, wakati uliopita na ukanushi. Hesabu herufi. Mistari isizidi miwili, kila mstari usipite herufi 42 pamoja na nafasi, na kwenye simu mimi nashuka hadi 32 au 34. Kwa kila sekunde mpe msomaji herufi 15, zikizidi sana 17. Sentensi yako ya asali ina herufi 48 ukihesabu nafasi na nukta, kwa hiyo inahitaji sekunde tatu na kidogo. Hapo juu nimeipa tatu na nusu na ushee. Kipande kisikae chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba.

Ukikata mstari, kata pale ambapo wewe mwenyewe ungevuta pumzi. Mstari usiishie na "ya" wala "na". Andika "mpe mtoto / maziwa ya mama", usiandike "mpe mtoto maziwa ya / mama". Usitenganishe "alikuwa" na "anakohoa", wala "nusu" na "kijiko". Mashine haijui haya, inakata popote herufi zilipojaa.

Sasa twende kwenye kitu ambacho watu wengi hawakifanyi kabisa, na kwenye video zako ndicho kizito: sauti ambazo si maneno. Una video ya kikohozi ambapo unawasikilizisha wazazi mtoto anavyopumua. Mashine haikuandika chochote. Aliyekurekebishia kidogo mwanzoni, nadhani ni rafiki yako, ameandika [anapumua]. Kila mtoto anapumua! Mabano hayo yanatakiwa kubeba kile sikio linachotakiwa kukishika: [kifua kinatoa mluzi anapotoa pumzi], [kikohozi kikavu, mara tatu mfululizo]. Na kwa mzazi kiziwi hata hayo hayamsaidii nyumbani, maana mluzi wa mwanawe hatausikia. Hapo tatizo limeshavuka maandishi, video yenyewe inadai kitu cha kuonekana. Mwonyeshe kifua kinavyobonyea ndani mtoto anapovuta pumzi. Mfundishe kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa kutazama tumbo: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni kupumua kwa haraka, aje kituoni. Unayajua haya kuliko mimi, yako kwenye chati ya ukuta wa kliniki yako. Ninachosema ni kwamba kuandika manukuu ndiko kumenionyesha kwamba somo lilimtegemea mtu mwenye masikio.

Kwa upande mwingine, usijaze mabano kila mahali. Kazi yangu ya kwanza kabisa, miaka mingi nyuma, niliandika [muziki] mara kumi na nne kwenye video moja nikijiona hodari. Kiziwi mmoja akaniuliza, "Muziki gani, na mimi nifanye nini?" Sasa naandika tu sauti inayobadilisha maana. Vigelegele mtoto anapomaliza chanjo zake, andika. Pikipiki inayopita nje, acha, isipokuwa wewe mwenyewe umegeuka kuiangalia. Na msonyo! Kwenye mahojiano na yule bibi, ulipomuuliza kama mkwe wake analeta mtoto kliniki, bibi alisonya kwanza ndipo akajibu "Analeta." Bila [anasonya], kiziwi anasoma kwamba analeta. Nilicheka peke yangu.

Bibi huyo huyo katikati anachanganya Kidigo. Usiandike [lugha ya kienyeji], ni kama kumfungia mtu mlango. Andika alichosema kwa Kiswahili na utangulize [kwa Kidigo]. Wanapozungumza wawili weka jina: BIBI, MUUGUZI. Na matamshi ya mtaani je, "ntampa", "s'endi", "nyie"? Hapa wataalamu tunabishana. Mimi kwenye simulizi huyaacha, kwa sababu sauti ya mtu imo humo. Kwenye maelekezo ya dawa naandika "nitampa", "siendi", kwa sababu ya yule mama.

Naye nimeahidi kumrudia. Kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama, Kiswahili kwake ni lugha ya pili, tena ya maandishi. Manukuu yanamsaidia, hayachukui nafasi ya lugha yake. Kwa hiyo kwenye zile video nane au kumi za hatari, ukipata mkalimani wa lugha ya alama, mrekodi awekwe pembeni ya picha, na wasiliana na CHAVITA wakuelekeze. Ukirekodi video mpya, kaa upande mmoja wa fremu ili nafasi yake iwepo. Usikubali picha ya katuni inayopunga mikono iliyotengenezwa na programu. Wala usidhani unamrahisishia kwa kufupisha ulichosema hadi maandishi yawe tofauti na midomo. Wengi wenye ugumu wa kusikia wanasoma vyote viwili pamoja, na wakiona havilingani wanaacha kukuamini.

Manukuu yakae wapi? YouTube pakia faili la SRT pembeni ya video, na uchague lugha Kiswahili. Faili la pembeni lina faida nyingi: mtazamaji anaweza kulizima, kukuza herufi, na wewe ukikuta kosa unalibadilisha bila kugusa video wala kiungo chake. Desturi ya kuyaficha ni ya zamani. Mwaka 1972 kituo cha WGBH cha Boston kilirusha kipindi cha mapishi cha Julia Child chenye maandishi yanayoonekana na kila mtu, na miaka minane baadaye, Machi 1980, Marekani wakaanza rasmi maandishi ambayo aliyeyataka tu ndiye aliyeyaona, tena kwa kununua kisanduku cha kuunganisha na televisheni. Leo kisanduku hicho ni kitufe.

Lakini WhatsApp haibebi faili la pembeni. Video ikishasambazwa kutoka kundi hadi kundi, kilichomo ndani ya picha ndicho kinachosafiri. Kwa huko inabidi maandishi uyachome ndani ya picha yenyewe, na ukishayachoma kosa halifutiki, litazunguka Tanga nzima na kuvuka mpaka wa Horohoro. Basi fuata utaratibu huu: faili la YouTube kwanza, likae wiki moja watu walione, ukisharekebisha ndipo uchome nakala ya WhatsApp. Mwanzoni mwa maelezo yanayoambatana na video andika tarehe, ili nakala ya zamani itambulike.

Ujumbe wa sauti wa Jumapili hauhitaji manukuu, unahitaji nakala nzima ya maandishi. Utume kwenye kundi mara tu baada ya sauti, kwenye ujumbe unaofuata. Usiandike neno kwa neno na "eeh" na "yaani" zote. Weka vichwa vidogo, nani anasema, na dakika ya kila mada. Ikiwa unasoma kutoka kwenye karatasi, kazi imeshakwisha, rekebisha tu pale ulipochepuka. Nakala ya namna hii inamfikia hata asiyeona wala kusikia, kwa kifaa cha nukta nundu kinachosoma maandishi ya simu. Inamfikia pia mama mwenye bando la mia tano ambaye sauti ya dakika kumi anaiona ghali. Kwenye WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia yaliyomo mtandaoni, uliotolewa toleo la 2.0 Desemba 2008, nakala ya sauti iliyorekodiwa na manukuu ya video iliyorekodiwa vyote viko daraja A, la chini kabisa. Yaani ni mahali pa kuanzia.

Wakati tuko hapo, mkumbuke na asiyeona. Kwenye video ya ORS unasema "unachukua hii, unaimimina humu, unakoroga hivi." Hii ipi? Humu wapi? Sema "chukua pakiti, soma kiasi cha maji kilichoandikwa, mimina yote kwenye jagi." Maandishi yako yatanufaika pia, kwa sababu "hii" na "hivi" yakiandikwa peke yake ni ya kuchekesha.

Kwa video zijazo, nusu ya kazi yangu yote hapo juu unaweza kuimaliza kabla ya kurekodi. Andika maneno yako kwanza, hata kwa mkono. Zima feni na redio, na usiweke muziki chini ya sauti yako. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Na zile sentensi za hatari ziseme mara mbili kwa njia mbili: "Asali usimpe. Asubiri hadi atimize mwaka." Silabi moja ikimezwa, sentensi ya pili inabaki kusimama.

Njano? Inasomeka, haina ubaya, ila juu ya kanga ya njano au ukuta wa kliniki wenye jua inapotea. Mimi ningeweka herufi nyeupe ndani ya kisanduku cheusi, na kwa nakala ya WhatsApp nisingeyaweka chini kabisa. Pale chini ndipo maelezo ya video yanapokaa mtu akiifungua, yakafunika mstari wa pili, na wa pili ndio wenye "kabla hajatimiza mwaka mmoja."